Nyota Njema na Chaguo la 44: Namna Klabu za Australia Zinavyowapima Makinda

Novemba 2013, klabu 18 za AFL, ligi kuu ya kandanda ya Australia, zilikutana Gold Coast, Queensland, kugawana vijana wapya katika mgao uitwao drafti. Jina la kwanza kusomwa lilikuwa la Tom Boyd, mshambuliaji mwenye urefu wa sentimita 200, akachukuliwa na Greater Western Sydney. La nne lilikuwa la Marcus Bontempelli, akaenda Western Bulldogs. La 13 lilikuwa la Patrick Cripps, kijana wa mji mdogo wa Northampton huko Australia Magharibi, akaenda Carlton. Yalisomwa majina 43 kabla Sydney Swans hawajamtaja Aliir Aliir, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, katika familia iliyotoka Sudan Kusini.

Yaliyofuata tunayajua. Cripps ametwaa Brownlow Medal, tuzo ya mchezaji bora wa ligi, mara mbili, mwaka 2022 na 2024. Bontempelli alikabidhiwa unahodha wa klabu yake mwaka 2020, na ni vigumu kuwataja wachezaji bora wa kizazi chake bila kuanza naye. Aliir aliingia katika kikosi bora cha ligi nzima mwaka 2021. Boyd alistaafu mwaka 2019 akiwa na miaka 23. Nathan Freeman, chaguo la 10, aliandamwa na majeraha ya misuli ya nyuma ya paja, akaishia kucheza mechi mbili tu za ligi kuu.

Mtu angeweza kudhani maskauti wa mwaka ule walilala. Hawakulala. Walikuwa wamewafuata vijana hao kwa misimu miwili au mitatu, wamewatazama uwanjani na kwenye video, wamewapima mbio na kuruka, wamezungumza na wazazi, walimu na makocha wao, na wamesoma taarifa za madaktari. Kwa habari walizokuwa nazo, wengi wetu tungechagua kama wao. Ndiyo maana swali hili linastahili kuchambuliwa: watu makini, wenye fedha na muda, wanampima kijana kwa kila kipimo kilichopo, na bado wa 44 anawapita wengi waliotajwa kabla yake. Kinachowaponyoka ni nini?

Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Drafti nzima imejengwa juu ya imani hiyo, na imani yenyewe si ya uongo, maana vijana wengi wanaotajwa mapema huwa wachezaji wazuri. Lakini anayemtazama kijana wa miaka 17 huona mambo mawili yaliyochanganyika mwilini mwake: alicho nacho kweli, na alichowahi tu kukipata kabla ya wenzake. Kwa macho ya Jumamosi moja mambo hayo hufanana kabisa. Kazi yote ya skauti, kwa maoni yangu, ni kuyatenganisha.

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe na mgao wake. Kandanda ya Australia huchezwa na watu 18 kila upande, katika uwanja wa duara refu ambao pale Melbourne Cricket Ground unakaribia mita 160 kwa 140. Mpira ni wa umbo la yai, hupigwa kwa mguu au kusukumwa kwa ngumi kutoka kiganjani, na anayeudaka ukiwa hewani baada ya kupigwa kwa mguu umbali wa mita 15 au zaidi hupewa nafasi ya kucheza bila kubughudhiwa. Goli ni pointi sita. Ukikosa na mpira ukapita pembeni, kati ya nguzo ya ndani na ya nje, unapata pointi moja. Hakuna kuotea. Kiungo anaweza kukimbia zaidi ya kilomita 13 katika mechi moja huku akigongwa kutoka pande zote. Basi mchezo huu unataka mwili wa mkimbiaji wa masafa, kifua cha mpiga mieleka na jicho la mchezaji wa kikapu, na ni nadra vyote vitatu kukutana kwa mtu mmoja kabla hajafika miaka 20.

Drafti ilianza mwaka 1986. Klabu iliyoshika mkia huchagua ya kwanza, na bingwa huchagua mwisho, ingawa nafasi hizo huuzwa na kubadilishwa kama bidhaa. Kijana anatakiwa awe ametimiza miaka 18 ifikapo tarehe 31 Desemba ya mwaka huo. Yeye hachagui klabu. Msomaji aliyezoea soka ya kwetu, ambako mchezaji husaini kule anakoelewana nako, aliweke hilo moyoni: mtoto wa Perth anaweza kuamka akiwa mali ya Brisbane, upande wa pili wa bara. Na klabu nayo, ikishatumia chaguo lake la tatu kwa kijana asiyefaa, haina pa kurudisha. Hasara ya kosa moja inaweza kukaa miaka 10, kwa sababu aliyeachwa yuko kwa mpinzani akikufunga kila msimu.

Maskauti huanza na mechi. Huko Victoria wapo kwenye Talent League ya vijana wa chini ya miaka 18. Australia Kusini na Magharibi wapo kwenye timu za vijana za ligi za majimbo, SANFL na WAFL. Katikati ya mwaka hukusanyika kwenye michuano ya majimbo ya chini ya miaka 18, ambako mchezaji bora hupewa Larke Medal. Shabiki wa kawaida kwenye mechi hizo hufuata mpira. Skauti humfuata mtu.

Chukua tukio moja tu, mpira wa kuanzisha katikati ya uwanja. Mwamuzi anaurusha juu, watu wawili warefu wanaruka kuugombea, na viungo sita wanazunguka chini yao wakisubiri uangukie wapi. Skauti amekwisha kuanza kuandika kabla mpira haujarushwa. Kijana wake amesimama wapi? Upande wa goli analolilinda, au amejisogeza mbele akitamani kuiba? Anamtazama mrukaji wao kujua mpira utaelekezwa wapi, au ametulia kama abiria? Mpira unaanguka, unadunda ovyo kama kawaida ya mpira wa umbo lile. Je, ameukamata kwa mkupuo mmoja, au umemponyoka akauokota mara ya pili? Tofauti hiyo ni chini ya sekunde moja, na katika ligi kuu ndiyo sekunde ambayo mtu wa kilo 90 huitumia kukulaza chini. Akishaukamata, je, kichwa kimeinuka? Anamwona mwenzake aliye huru na kumsukumia kwa ngumi, au anaupiga mbele kwa kubahatisha ili mradi umtoke? Upande wa kulia ukizibwa, ana mguu wa kushoto? Na akiupoteza, anarudi mbio kuuokoa au anatembea mikono kiunoni?

Katika orodha hiyo, mimi ningetoa uzito mkubwa kuliko wote kwa mkamato wa kwanza na kichwa kinachoinuka. Mbio zinaweza kuongezwa kidogo, kifua kinaweza kujengwa kwa miaka mitatu ya vyuma, lakini utulivu wa mikono katikati ya rabsha ni kitu ambacho makocha wa ligi kuu hulalamika kila mwaka kwamba hawajui kukifundisha. Sam Mitchell ni ushahidi tosha. Mwaka 2000 hakuna klabu iliyomtaka. Mwaka uliofuata Hawthorn ilimchukua kwa chaguo la 36, na sifa iliyomtangulia kila mahali ilikuwa kwamba ni mfupi na hana mbio. Kilichosahauliwa ni kwamba alikuwa na miguu miwili sawasawa na mikono isiyopoteza mpira. Alikuja kuwa nahodha wa ubingwa mwaka 2008, na jina lake likaandikwa kwenye Brownlow ya 2012.

Baada ya mechi huja vipimo. Kila mwaka, wiki chache kabla ya drafti, makinda bora hualikwa kwenye kambi ya upimaji: mbio za mita 20, mbio za kupinda kati ya nguzo, kuruka juu kwa kusimama na kwa kukimbia, mbio za kilomita mbili, urefu, uzito, urefu wa mikono na upana wa kiganja. Magazeti ya Melbourne hupenda sana siku hizo kwa sababu zinatoa namba, na namba huandikika.

Namba maarufu kuliko zote ni ya Nic Naitanui. Mwaka 2008 aliruka sentimita 102 kwa kukimbia, na West Coast wakamchukua kwa chaguo la pili. Rekodi hiyo ilikaa hadi 2021, wakati Leek Aleer, kijana wa miaka 20 kutoka Central District ya Adelaide, aliporuka sentimita 107; Greater Western Sydney wakamchagua wa 15. Naitanui aliingia kikosi bora cha ligi mara tatu. Ukiziweka namba hizo mbili pamoja, utadhani kijana wa pili angefika mbali zaidi ya wa kwanza, lakini mchezo haukwenda hivyo; Aleer alianza taratibu, akipigania namba yake msimu baada ya msimu. Naitanui hakuwa mkubwa kwa sababu ya sentimita 102. Alikuwa mkubwa kwa sababu akishatua chini aliendelea kucheza: alikaba, aliupora mpira, alimfukuza kiungo mwepesi kuliko yeye. Kuruka kulimfungulia mlango tu.

Vipimo hivi, basi, nivionavyo mimi, vina kazi moja halali: kuonyesha kama mtu amefika kiwango cha chini ambacho bila hicho nafasi yake uwanjani haiwezekani. Beki wa pembeni asiye na mbio atateseka, hilo halina mjadala. Lakini baada ya kuvuka kiwango hicho, sehemu ya kumi ya sekunde haitenganishi mchezaji na mchezaji. Klabu zinalijua hilo mwezi wa Juni. Mwezi wa Oktoba, saa ya kupimia ikiwa mkononi, baadhi husahau.

Takwimu za mechi zina mtego wa aina nyingine. Siku hizi kila kinda ana safu ndefu: amegusa mpira mara ngapi, mara ngapi katika mgongano, ametoa mpira mara ngapi kutoka kwenye msongamano, amekaba mara ngapi, ameusogeza mita ngapi. Anayegusa mpira mara 30 katika mechi ya vijana huvuma. Lakini mara 30 wapi? Nyuma ya ulinzi, akipokea mpira wa bure na kuurudisha pembeni, au chini ya watu watano? Na dhidi ya nani? Ndiyo maana mechi chache za kijana dhidi ya watu wazima, katika timu ya wakubwa ya SANFL au WAFL, huhesabiwa kuliko msimu mzima wa vijana. Kijana wa miaka 18 anayegusa mpira mara 12 kati ya wanaume wenye ndevu na watoto nyumbani ametoa habari zaidi kuliko yule wa mara 30.

Hapa tunafika kwenye kiini cha jambo, yaani umri wa mwili. Kwa kuwa mpaka wa drafti ni tarehe 31 Desemba, aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba wanapimwa kwa mizani moja huku mmoja amemzidi mwenzake karibu mwaka mzima. Kwa mtu wa miaka 30 mwaka mmoja si kitu. Kwa kijana wa miaka 16 ni sentimita kadhaa za urefu, kilo kadhaa za misuli, na msimu mzima wa mazoezi. Yule aliyekomaa mapema huchaguliwa timu ya jimbo, hupata kocha bora, hucheza katikati, hugusa mpira zaidi, na kila hatua inathibitisha ile ya kabla yake. Akifika miaka 17 wasifu wake unang'aa, na mtu hawezi kujua kwa kuusoma ni kiasi gani cha mng'ao huo ni kipaji na kiasi gani ni kalenda.

Bontempelli alizaliwa tarehe 24 Novemba 1995. Alipotajwa wa nne alikuwa bado na miaka 17, akisubiri siku chache kutimiza 18. Cripps alimzidi kwa miezi minane, na Josh Kelly, chaguo la pili, kwa miezi tisa. Fikiria maana yake: wakati wenzake wengi walikuwa wamebakiza kukua kidogo tu, Bontempelli alikuwa akilingana nao mpirani huku mwili wake ukiwa nyuma yao. Western Bulldogs waliona hivyo wakamchukua juu ya majina yaliyovuma zaidi, na miaka mitatu baadaye alikuwa na medali ya ubingwa. Kila ninapousoma mgao wa 2013, uamuzi huo ndio ninaouheshimu kuliko yote, kwa sababu haukutegemea bahati. Walipima kilichokuwa hakijafika.

Warefu ni kesi ya peke yao, na ndio wanaogharimu klabu zaidi. Mtu wa mita mbili anayeudaka mpira hewani na kufunga ni adimu, kwa hiyo kila klabu inamtaka, na kwa kuwa ni adimu anachukuliwa mapema. Lakini mwili wa mita mbili huchelewa kukomaa. Max Gawn, mrukaji wa Melbourne mwenye sentimita 208, alichaguliwa wa 34 mwaka 2009 na akaingia kikosi bora cha ligi kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Miaka saba! Ben Brown aliachwa mara kadhaa baada ya kuumia goti, akachaguliwa wa 47 katika mgao ule ule wa 2013 akiwa na miaka 21, nafasi tatu baada ya Aliir, na kwa misimu mitatu mfululizo akafunga zaidi ya magoli 60. Upande wa pili yupo Jack Watts, chaguo la kwanza la 2008, ambaye Melbourne ilimwingiza uwanjani Juni 2009 mbele ya umati wa mechi kubwa dhidi ya Collingwood, akiwa bado mwanafunzi wa shule. Wachezaji wazoefu wa upinzani walimwandama tangu mpira wa kwanza. Alikuja kuwa mchezaji wa heshima, lakini hakuna siku ambayo hakukumbushwa kwamba alitajwa kabla ya Naitanui.

Na Boyd? Habari yake inasimuliwa kama kosa la maskauti, na hapo wanamwonea. Alicheza mechi tisa kwa Greater Western Sydney mwaka 2014, kisha akahamia Western Bulldogs kwa mkataba mrefu wa mamilioni ya dola, akabadilishwa na nahodha wa klabu hiyo, Ryan Griffen. Alikuwa na miaka 19. Mwaka 2016, katika fainali kuu dhidi ya Sydney, alifunga magoli matatu, moja likiwa shuti la mbali katika robo ya mwisho lililozima matumaini ya wapinzani, na klabu ikapata ubingwa wake wa kwanza tangu 1954. Bontempelli alikuwa uwanjani pamoja naye. Baadaye Boyd alizungumza hadharani kuhusu afya yake ya akili na mzigo uliomlemea, akaondoka. Kipaji chake kilipimwa sawasawa. Kisichopimwa ni kiasi gani cha matarajio ya watu wazima kijana wa miaka 19 anaweza kubeba, na wala sidhani kipo kipimo cha kambini kinachoweza kukisoma. Hiyo ni kazi ya klabu baada ya kumchagua.

Madaktari wana meza yao, na ushauri wao huwasukuma vijana chini ya orodha. Joel Selwood alifanyiwa upasuaji wa goti mwaka wake wa drafti, 2006. Klabu sita zilimpita, Geelong wakamchukua wa saba. Alicheza mechi 355, akatwaa ubingwa mara nne, na aliongoza klabu kama nahodha kwa zaidi ya miaka 10. Chris Judd mwaka 2001 alikuwa na historia ya mabega mabovu. Hawthorn walimchukua Luke Hodge wa kwanza, St Kilda wakamchukua Luke Ball wa pili, West Coast wakampata Judd wa tatu, na akawapa Brownlow ya 2004. Kwa Hawthorn hilo halikuwa kosa, maana Hodge aliwapa ubingwa mara nne. Lakini usidhani daktari hukosea kila mara. Katika kumi bora wa 2013, ukimwondoa Freeman, kuna Matthew Scharenberg aliyeteswa na magoti na Kade Kolodjashnij aliyestaafishwa na mitikisiko ya ubongo. Jeraha lililokwisha kutokea hupimika, linalokuja halipimiki. Kwa hiyo mfupa uliovunjika na kuunga unanitia hofu ndogo kuliko misuli inayochanika kila baada ya miezi minne bila sababu inayoeleweka.

Tabia inachunguzwa kwa mahojiano, na hapa maskauti hutofautiana sana. Wapo wanaomwamini kijana anayejibu vizuri, na kwangu huo ni udhaifu, kwani kijana wa shule kubwa ya kulipia ya Melbourne amefundishwa kujibu tangu utotoni. Bora kumuuliza mwalimu wake wa darasa, dereva wa basi la timu, au kocha aliyewahi kumweka benchi. Swali moja lina uzito wa pekee Australia: je, ataweza kuishi mbali na kwao? Jason Horne-Francis, kijana wa Australia Kusini, alichaguliwa wa kwanza mwaka 2021 na North Melbourne, akacheza msimu mmoja na kurudi nyumbani, Port Adelaide. Uwezo wake haukuwa na shaka wala haukupungua. Klabu ilipima mchezaji, ikampata mtu mwenye kwao.

Mwaka 2020 ulileta jaribio ambalo hakuna aliyeliomba. Kwa sababu ya korona, ligi ya vijana ya Victoria haikuchezwa kabisa. Klabu zililazimika kuwapima vijana wa jimbo lenye wachezaji wengi kuliko yote kwa video za mwaka wa nyuma, walipokuwa na miaka 16 na 17. Jamarra Ugle-Hagan wa Victoria alichaguliwa wa kwanza bila kucheza hata mechi moja ya mashindano mwaka huo, huku Riley Thilthorpe na Logan McDonald, waliotajwa wa pili na wa nne, wakiwa wamecheza na watu wazima katika majimbo yao. Na Errol Gulden wa Sydney, kiungo mdogo wa mwili, alisubiri hadi chaguo la 32. Miaka mitatu baadaye alikuwa katika kikosi bora cha ligi. Msimu mmoja unapokosekana, klabu hurudi kwenye urefu na sifa za zamani. Mtu mfupi anayeendelea kukua kimchezo ndiye anayepoteza.

Nirudi kwa Aliir, kwa sababu kisa chake kina jambo ambalo maskauti wa Australia wanalijifunza taratibu mno. Katika miaka hii vijana wengi wa familia za Sudan Kusini wameingia AFL. Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, alitangulia akiwa na North Melbourne mwaka 2013. Mac Andrew alitajwa wa tano mwaka 2021. Wengi wao waliuanza mchezo wakiwa wamechelewa, baada ya soka au kikapu, na wasifu wao kwenye makaratasi hufuata mtindo mmoja: warefu, wepesi, wanaruka, bado ghafi. Neno linalojirudia ni mwili. Aliir aliposimama katika kikosi bora cha ligi mwaka 2021, akiwa amehamia Port Adelaide, aliwekwa hapo kama beki anayekata mipira. Kazi hiyo inategemea kusoma: kumtazama mpigaji akiwa mita 50 mbali, kujua kwa mkao wa bega lake mpira utaangukia wapi, kumwacha mtu wako kwa wakati ule ule unaofaa na kufika pale kabla ya mshambuliaji. Ni kazi ya akili kwanza. Miguu mirefu inasaidia, lakini mabeki warefu wapo wengi na wanaosoma hivyo ni wachache.

Kijana aliyecheza tangu miaka sita na aliyeanza miaka 14 hawawezi kupimwa kwa kiwango walichofika. Wanatakiwa wapimwe kwa mwendo. Aliyeanza jana na leo amekaribia kumfikia mwenye miaka 11 mchezoni ametoa habari kubwa sana kuhusu uwezo wake wa kujifunza, na uwezo huo ndio hasa klabu inaununua. Skauti anayemwona mtoto kama huyo na kuandika tu kwamba anaruka vizuri amepoteza safari yake ya uwanjani. Ana dhamana, tena nzito, ya kumtazama kama anavyomtazama mtoto wa nahodha wa zamani.

Yote haya yanaelekea kwenye mjadala ambao Australia haijaumaliza: je, umri wa drafti upandishwe hadi miaka 19? Hoja ya wanaotaka ni nzito. Mwaka mmoja zaidi ungepunguza nguvu ya kalenda, ungewapa warefu muda, na ungempa kijana nafasi ya kumaliza shule kwa utulivu. Aliir mwenyewe alikuwa na miaka 19 alipotajwa. Hoja ya wanaopinga nayo si ndogo. Nick Daicos aliingia Collingwood moja kwa moja kutoka kwa vijana na mwaka 2022 akatwaa tuzo ya chipukizi bora wa ligi. Kumzuia mtu kama huyo mwaka mzima ni kumnyima riziki yake, na mwaka huo mmoja wa kusubiri ungekuwa mzigo zaidi kwa familia isiyo na uwezo wa kumlisha mwanariadha.

Mimi nisingeufunga mlango wa miaka 18. Ningepanua ule wa baadaye. Tangu 2019 AFL imerudisha drafti ya katikati ya msimu, na mwaka huo huo Richmond waliitumia kumchukua Marlion Pickett, mtu mzima wa miaka 27 kutoka ligi ya Australia Magharibi. Mechi yake ya kwanza ya ligi kuu ilikuwa fainali kuu ya 2019, na alitoka nayo na ubingwa. Matt Priddis aliachwa mara kadhaa kabla ya West Coast kumwokota kwenye mgao wa akiba. Brownlow yake ni ya 2014. Klabu inayoweka nafasi mbili au tatu za kikosi chake kwa watu wa miaka 20 na 21, na kuwatuma maskauti wake wale wale wazuri kwenye mechi za wakubwa za Perth, Adelaide na Hobart, itapata wachezaji ambao mwili wao umekwisha kusema. Tasmania ikiingia ligi mwaka 2028 kama klabu ya 19, vijana wa miaka 18 watagawanywa vipande vidogo zaidi, na hao wakubwa walioachwa watakuwa na thamani kuliko sasa.

Kwa kinda wa Novemba ijayo, ningetaka taarifa ya skauti ianze na tarehe ya kuzaliwa na mwaka alioanza kucheza, ndipo sentimita na sekunde zifuate. Na ukurasa wa mwisho usimhusu kijana hata kidogo. Uandikwe jina la kocha atakayemlea, nyumba atakayoishi, na misimu mingapi klabu iko tayari kumngoja kabla haijamdai.